Kimbunga Florida chaweza kuchelewesha safari yako ya Entebbe

Hata hali ya hewa ikiwa nzuri hapa Kampala, ukiwa na tiketi ya kwenda Florida wakati wa kimbunga, safari yako inaweza kuahirishwa. Kimbunga Milton kilifika pwani ya jimbo hilo la Marekani usiku wa Jumatano 9 Oktoba 2024. Uwanja wa ndege wa Tampa ulifungwa tangu asubuhi ya siku iliyotangulia, na wa Orlando ulifungwa Jumatano hiyo.

Mbona mapema hivyo? Mashirika huondoa ndege zisiharibiwe na upepo, na wafanyakazi huhitaji muda wa kuhamisha familia zao. Kwa hiyo hata kimbunga kikipita, safari hazirudi mara moja: barabara ya kurukia hukaguliwa, ndege hurejeshwa, na abiria waliokwama husubiri nafasi.

Ndugu unayesubiri nchi ya tatu, kuahirishwa kwa safari si kufutwa kwa kesi yako. Subiri simu ya ofisi iliyokupangia safari. Huenda ukaitwa tena kupimwa afya. Kama umeshaaga chumba, zungumza na mwenye nyumba mapema. Kupangiwa siku nyingine hakulipiwi: anayekudai pesa ili akurudishie nafasi ni tapeli.