Usiiogope Shahada ya Hisabati



Kila mwaka matokeo ya sekondari yanapotoka hapa Rusizi, husikika usemi uleule: "Ukisoma hisabati utaishia kuwa mwalimu." Mimi ni mwalimu, na sioni aibu iliyomo katika neno hilo. Hata hivyo, leo siitetei kazi yangu. Naitetea shahada yenyewe, kwani wengi huikataa bila kuijua.

Hudhaniwa kuwa hisabati ya chuo kikuu ni mahesabu ya sekondari yaliyorefushwa. Sivyo. Mwanafunzi akitoka Kamembe, akavuka msitu wa Nyungwe hadi Kigali, kwenye Chuo cha Sayansi na Teknolojia cha Chuo Kikuu cha Rwanda, hukuta tarakimu zimepungua na maneno yameongezeka. Haulizwi tena tu, "Jibu ni ngapi?" Huulizwa, "Utathibitishaje?" Hapo ndipo wengi hujikwaa, na mara nyingi kinachowaangusha si namba bali lugha.

Chukua mfano. Mtu anasema: "Mabomba yote ya kijiji yanatoa maji." Ukanusho wake ni upi? Wengi watajibu: "Hakuna bomba linalotoa maji." Wamekosea. Ukanusho wake ni huu: "Kuna angalau bomba moja lisilotoa maji." Ukilionyesha hilo moja, dai lote limeanguka, lakini anayelidai hana budi kuyakagua yote.

Tazama na huu: "Ikiwa mvua imenyesha, barabara ina matope." Je, ukiyaona matope, utasema mvua imenyesha? La. Huenda bomba limepasuka.

Maneno kama *kila*, *kuna*, *ikiwa* na *basi* ndiyo nguzo za uthibitisho. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huyasoma kwa Kiingereza, lugha iliyofanywa ya kufundishia nchini Rwanda tangu mwaka 2008. Lakini anayetoka Rusizi ameyasikia kwa Kinyarwanda nyumbani, na kwa Kiswahili sokoni, ambako wafanyabiashara wa Bukavu na Kamembe hupatana bei kila siku. Ayafikirie kwanza kwa lugha anayoimudu, kisha ayaandike kwa lugha ya mtihani. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi nchini tangu mwaka 2017. Kisiishie kwenye salamu na hotuba.

Sikuahidi kwamba shahada hii itakupa kazi siku ya pili baada ya mahafali. Najua kwamba bima, benki, takwimu na kompyuta zinawahitaji wanahisabati, na kwamba anayetaka shahada ya uzamili anaweza kuomba nafasi katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, iliyofungua kituo Kigali mwaka 2016. Lakini faida nyingine haimo katika mshahara. Raia aliyezoea kudai uthibitisho hadanganyiki kwa urahisi. Na yeye mwenyewe, akitaka kusema "wote", kwanza huhesabu.

Basi nakuachia zoezi. Wiki hii, sikiliza dai moja lenye neno "wote" au "kila", redioni, sokoni au mkutanoni. Liandike kwa Kiswahili sanifu, kisha andika ukanusho wake. Ukiupata bila kubabaika, umekwisha kuanza kusoma hisabati.