Mwamba Wataka Mshubiri, Si Mkonge

Aliyepita Ilesi, katika barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, ameuona mwamba ule maarufu uchuruzikao maji kana kwamba unalia. Miamba mingine imetapakaa mashambani mwetu, na sasa wenye nyumba wanaigeuza bustani. Ni jambo jema.

Huenda msomaji akauliza: Kakamega yenye mvua tele yahitajiani mimea ya kustahimili ukame? Ndugu msomaji, mvua haiufai mwamba. Udongo wake ni haba, maji hupita mbio, na ifikapo Januari jua huchoma.

Linalonikera ni kuona watu wakikimbilia jamaa za mkonge, mmea wa Meksiko uliofikishwa Tanganyika mwaka 1893, ilhali mishubiri yetu ipo. Hii hudumu miaka mingi, huhifadhi maji katika majani yake manene, na maua yake huwavuta chozi. (Sisi wanaisimu twajua kuwa shubiri na subira zina mzizi mmoja wa Kiarabu.)

Hata hivyo, mtu asiing'oe porini. Uvunaji wa kupindukia ndio uliosababisha amri ya rais ya mwaka 1986 kupiga marufuku uvunaji wa mishubiri mwitu. Aina nyingi huchipuza pembeni mwa shina. Chipukizi moja la jirani latosha kuanzia.