KAZI ZA MIKONO: Ufito wa Kuvulia na Jinsi Unavyojaribiwa

Mwezi huu twapenda kusema habari za kazi iliyo ndogo kwa macho lakini kubwa kwa saburi, nayo ni kuunda ufito wa kuvulia samaki kwa nzi wa bandia. Labda mtu atauliza, "Je, kukata ufito nako ni kazi ya kufundishwa? Mtoto huukata kichakani, akafunga mshipi, akarudi na kitoweo." Ni kweli. Lakini ufito huu ni wa namna nyingine. Wenzetu wakaao karibu na mito ya baridi ya Nyandarua, katika Kenya, wameuona, kwa maana mwaka 1905 samaki waitwao trauti waliletwa kutoka Scotland wakatiwa katika mto Gura, na wavuvi wao wakaja na fito zao.

Kwanza tufahamu sababu. Mvuvi wa ndoana ya kawaida hutupa kwa uzito wa risasi iliyofungwa katika mshipi. Nzi wa bandia ni manyoya na uzi tu juu ya ndoana ndogo, hana uzito wa kumpeleka mbali. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, uliofanywa mnene kwa kusudi hilo. Mishipi hiyo ina namba zake: ule wa namba 5, futi 30 zake za mbele zina uzito wa gramu 9 hivi. Ufito hauna budi kupinda kwa uzito huo, kisha kujinyosha na kuurusha mshipi mbele. Ukiwa mgumu mno haupindi. Ukiwa laini mno hauna nguvu ya kurusha. Basi fundi haanzi kwa kisu. Huanza kwa kuuliza: ni mshipi wa namba gani, mto wa upana gani, na mkono wa nani?

Fito zilizosifiwa sana zamani zilifanywa kwa mwanzi utokao Guangdong, kusini mwa China, ambao wafanya biashara huuita Tonkin. Hiram Leonard, wa Maine katika Marekani, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuuza fito za papi sita zilizounganishwa, katika miaka ya 1870. Mwanzi hupasuliwa kuwa papi nyembamba. Mafundo yake hulainishwa kwa moto, yakabanwa hata yakawa sawa. Kisha kila upapi hulazwa katika kalibu ya chuma yenye mfereji, ukapigwa randa mpaka uwe na pembe tatu, kila pembe digrii 60. Hapa ndipo penye shina la kazi. Nguvu ya mwanzi imo katika nyuzi zilizo karibu na ganda. Za ndani ni laini. Kwa hiyo randa hupunguza upande wa ndani, na upande wa nje hukwanguliwa kidogo tu, kuondoa ngozi ing'aayo. Kwenye ncha ya ufito, upapi mmoja haufiki unene wa milimita moja! Papi hupashwa moto katika tanuri ili unyevu utoke, zikapakwa gundi, zikafungwa pamoja kwa uzi, nazo sita zikawa ufito mmoja wa pembe sita.

Sasa ufito wapendeza. Lakini uzuri wa nje haushuhudii gundi iliyo ndani. Usione vyaelea, vimeundwa. Nasi twaongeza, vimejaribiwa pia. Jaribio la kwanza ni la jicho: fundi huutazama ufito toka shinani hata nchani, akiuzungusha, aone kama umenyoka. La pili ni la uzito: hulikaza shina mezani, akatundika uzito ule ule nchani kwa kila upande wa zile sita, akipima ncha imeshuka kiasi gani. Upande mmoja ukishuka kuliko wenzake, pana upapi dhaifu au gundi isiyoshika. La tatu ni la mshipi: pete za kupitishia mshipi hufungwa kwa muda tu, kisha fundi husimama kwenye majani, si mtoni, akarusha futi 20, halafu 30, halafu 45. Mshipi ukigusa ufito pale unapopinda, pete husogezwa au huongezwa. Hapo ndipo pete hufungwa kwa uzi wa hariri na kupakwa vanishi. Ufito uvunjikao mezani humfundisha fundi. Uvunjikao mtoni humwibia mnunuzi.

Ufundi huu ulikaribia kupotea. Mafundi wengi waliweka siri vipimo vyao. Kisha mwaka 1950 Marekani ilikataza biashara na China, mwanzi ukakosekana, na fito za nyuzi za kioo zikashika soko. Lakini Everett Garrison, mhandisi wa New York, alikuwa amekokotoa kwa hesabu jinsi kila sehemu ya ufito ichukuavyo mzigo wake, akaandika unene wake kila baada ya inchi 5. Hakuyaficha hayo. Alimfundisha Hoagy B. Carmichael, na baada ya Garrison kufa mwaka 1975, mwanafunzi wake alikimaliza kitabu chao, kikatoka mwaka 1977. Tangu hapo watu wengi wamejifunza kwacho kuunda fito nyumbani. Siku hizi fito zilizo nyingi ni za nyuzi za kaboni, na aundaye nyumbani hununua mti wake tayari, akautia mpini na pete; hata hivyo majaribio ya uzito na ya mshipi yangali yamfaa.

Ninyi walimu wa kazi za mikono, na ninyi wazazi mlio na ufundi wa mtumbwi, wa mkeka au wa mpini wa jembe, je, vipimo vyenu vimeandikwa wapi? Mkono hufa pamoja na mwenyewe. Mpeni kijana daftari na kamba ya kupimia, aandike mnayoyafanya, kisha ajaribu mwenyewe mbele ya macho yenu.