Wageni wa Makoko na Watoto Wetu

Kila Januari inapofika, watoto wa mkoa wetu waliomaliza elimu ya msingi huingia Kidato cha Kwanza. Wazazi wa Musoma, Bunda na Butiama huhangaika na sare, madaftari na magodoro ya bweni. Ni wachache wanaoulizana juu ya jambo ambalo haliuzwi dukani, nalo ni lugha. Mtoto aliyefundishwa kila somo kwa Kiswahili katika shule ya serikali huambiwa kwamba tangu siku hiyo Hisabati, Baiolojia na Jiografia atazisikia kwa Kiingereza. Jana aliweza kueleza jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Leo akiulizwa jambo hilo hilo hunyamaza, naye huandikwa kuwa mzito.

Sisi hatukubali kwamba ni mzito. Mkoa wa Mara si maskini wa lugha. Butiama wanasema Kizanaki. Pwani ya ziwa Kijita na Kikwaya. Bunda utakikuta Kiikizu na Kisizaki, na Kisukuma pia. Na kaskazini wako Wakurya na Wajaluo, ambao jamaa zao wamejaa Musoma mjini. Mtoto wa gulio la Bunda huenda akawa anasikia lugha mbili kabla hajashika kalamu. Kwa wengi wao Kiswahili ni lugha ya pili na Kiingereza ya tatu, kama si ya nne. Mtoto wa namna hiyo amekwisha kuonyesha kwamba anaweza kujifunza lugha.

Ila lugha hizo hazifanani, na hapo ndipo mwalimu anapohitajika. Mtoto wa Kikurya huja na ngeli zake tangu nyumbani, kwa kuwa Kikurya ni ndugu wa Kiswahili. Lakini Kikurya hakina sauti ya l, basi "kula" kwake huwa "kura", na darasa zima huangua kicheko. Mtoto wa Kijaluo hasumbuliwi na hilo. Yeye husumbuliwa na upatanisho wa ngeli, maana lugha ya mama yake si ya Kibantu na haina mpango huo. Mwalimu anayejua mambo haya humrekebisha kila mmoja mahali pake. Asiyejua huwachapa wote wawili kwa kosa moja linaloitwa uvivu.

Wako wanaotujibu kwa mfano wa Mwalimu Nyerere. Ni kweli kwamba alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na Kiswahili akajifunza huko huko shuleni. Kisha akaenda Tabora mwaka 1937, baadaye Makerere na Edinburgh, na hatimaye akafasiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare. Lakini shule za wakati ule zilichukua watoto wachache mno, tena waliochaguliwa. Leo tumeamua, na tumeamua vyema, kwamba sekondari ni ya watoto wote. Kilichomtosha kijana mmoja mwenye kipaji hakiwezi kuwa kipimo cha darasa lililofurika.

Tena mfano bora tunao hapa hapa Musoma. Pale Makoko, tangu miaka ya 1960, shule ya lugha iliyoanzishwa na mapadre wa Maryknoll imewafundisha Kiswahili wageni kutoka ng'ambo. Hao walikuwa watu wazima, wengi wao wenye shahada. Hata hivyo hakuna aliyewatuma vijijini kufanya kazi baada ya majuma machache. Waliketi miezi kadhaa katika madarasa madogo, wakijifunza lugha na si kitu kingine, wakatumwa sokoni kujaribu ulimi wao. Mtoto wetu wa miaka 13 hupewa majuma machache ya matayarisho ya Kiingereza, pengine asiyapate kabisa kwa sababu amechelewa kuripoti, kisha hukabidhiwa kitabu cha Fizikia.

Hatukusudii kufufua leo mjadala wote wa lugha ya kufundishia. Kiswahili kilishika elimu yote ya msingi mwaka 1967. Tume ya Rais ya mwaka 1982, chini ya Ndugu Jackson Makwetta, ilipendekeza kipande sekondari, na serikali haikukubali. Sera ya mwaka 2014 ikakifungulia mlango katika ngazi zote, lakini sekondari zikaendelea na Kiingereza. Wakubwa wataamua. Mtoto wa Januari, hata hivyo, hawezi kungojea.

Tunachowaomba viongozi wa elimu wa Musoma, Bunda na Butiama kiko ndani ya uwezo wa mkoa. Muhula mzima wa kwanza uwe wa lugha kabla ya mambo mengine, na anayechelewa kuripoti atengewe nafasi ya kuupata. Mwalimu wa Baiolojia aruhusiwe kueleza kwa Kiswahili jambo lililokwama, bila kujificha mkaguzi anapopita. Na kile kibao ambacho shule nyingine humvika shingoni mwanafunzi aliyeponyokwa na neno la Kiswahili au la kwao kiondolewe kabla ya Kidato cha Kwanza kijacho kuripoti.