Ahadi ya Glasgow ianzie kwa mbabula

Asubuhi mapema, kwenye barabara ya Kasenga, kinga zinaingia Lubumbashi zikibeba mifuko ya makala. Makala hayo ndiyo yanapika bukari Katuba, Kenya, Ruashi na karibu kila komini. Yanatoka kwa miti ya miombo, na kila mwaka wachomaji wanaifuata mbali zaidi na mji.

Mwezi wa 11 mwaka 2021, huko Glasgow, wakubwa wa dunia walizungumzia namna ya kufikisha hewa chafu kwenye sifuri. Congo ilipeleka ahadi yake: kupunguza 21 kwa mia mpaka mwaka 2030. Lakini kati ya hizo 21, ni 2 tu ambazo inchi ilisema itazipunguza kwa nguvu yake. Zile 19 zinangojea feza za inje. Ni kama baba anayeahidi nyumba, lakini matofali yatoke kwa jirani.

Kuomba feza hizo si haya. Viwanda vilivyochafua hewa ya dunia si vya Congo. Tena, shaba na kobalti ya Katanga ndiyo inayosaidia kutengeneza betri za magari ya umeme. Miji ya Ulaya na China inapata hewa safi, wakati mama wa Katuba anapuliza mbabula kwa sababu umeme umekatika tena.

Umeme si kwamba haupo Congo. Waya wa kutoka Inga mpaka Kolwezi una kilometa karibu 1,700. Ulijengwa kwa ajili ya migodi, na unapita juu ya vijiji visivyo na hata balbu moja.

Kuna wanaosema dawa ni kukataza kukata miti. Katazo bila umeme linapandisha bei ya makala, halizimi mbabula. Mchomaji naye ana watoto wa kusomesha.

Serkali na jimbo wana kazi isiyongojea Glasgow: kufikisha kwenye komini umeme unaotosha kupika, kwa bei ambayo mwanainchi anaweza; kueneza mbabula zinazokula makala kidogo; na kupanda miti ya makala karibu na mji. Zile 2 kwa mia zianzie hapo. Anayeomba 19 aonyeshe kwanza 2 zake.