Mwalimu wa Dindira asiachwe peke yake na historia ya mauaji ya kimbari

Jean-Paul Akayesu alikuwa mwalimu. Kabla ya kuwa meya wa Taba, katikati ya Rwanda, alisimama mbele ya watoto na chaki mkononi, kisha akapanda cheo hadi kuwa mkaguzi wa elimu. Tarehe 2 Septemba 1998, mjini Arusha, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda walimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa hilo. Miaka mitano baadaye, Desemba 2003, mahakama hiyohiyo ilimtia hatiani Ferdinand Nahimana, mmoja wa waasisi wa redio RTLM iliyokuwa ikichochea mauaji. Huyu alikuwa mwanahistoria na mhadhiri wa chuo kikuu.

Majina haya mawili yanapaswa kufahamika katika kila chumba cha walimu nchini Tanzania, na hasa kwa walimu wa historia. Sababu yake si kuwatia walimu aibu. Shule ya Rwanda ilikuwa sehemu ya njia iliyofikisha nchi mwaka 1994, na walimu wa huko ndio waliotakiwa kuwaorodhesha watoto kwa makundi yao: Wahutu wasimame, Watutsi wasimame. Watoto wengine walikuwa hawajui wao ni nani mpaka siku hiyo darasani.

Sasa tupande milimani, kata ya Dindira, wilaya ya Korogwe. Mwalimu wa historia wa huku Usambara ana vipindi vingi, vitabu vya kugawana, na mtihani wa NECTA unamsubiri mbele. Anapofika kwenye mada inayogusa Rwanda, au Wayahudi wa Ulaya katika Vita Kuu ya Pili, hufanya kile ambacho mtu yeyote asiyeandaliwa angefanya. Huipita haraka. Au husimulia kwa namna ya kutisha ili darasa lishtuke. Au husema sentensi ambayo imesemwa mara nyingi mno katika nchi hii, kwamba Wahutu na Watutsi walichukiana tangu zamani, basi siku moja wakapigana.

Sentensi hiyo ni ya uongo, na ubaya wake haupo kwenye maksi za mtihani tu. Waliouawa kati ya Aprili na Julai 1994, ambao makadirio yanaanzia watu 800,000 na kuvuka milioni moja, hawakufa katika ugomvi wa makabila mawili yaliyokutana uwanjani. Watutsi walisakwa kwa orodha, kwenye vizuizi vya barabarani, makanisani na mashuleni, na Wahutu waliokataa kushiriki waliuawa pamoja nao. Kulikuwa na serikali, jeshi, wanamgambo wa Interahamwe na redio. Kulikuwa na mpango. Mwanafunzi akiambiwa kuwa ni chuki ya asili, anaondoka darasani akiamini kwamba mambo kama hayo huwapata watu wa aina fulani, kwingine huko, na hayana mwanzo wala mkono ulioyasukuma.

Mwalimu aliyefunzwa angeanza na kitambulisho. Wabelgiji waliwaandikisha Wanyarwanda miaka ya 1930 na kuwapa kadi zilizotaja kundi la kila mmoja: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Kadi hizo zilidumu kwa miaka 60, na mwaka 1994, kwenye kizuizi cha barabarani, neno moja lililoandikwa juu yake liliamua nani apite na nani afe. Mwalimu wa Dindira anaweza kuichora ubaoni kwa dakika mbili, kisha awaulize wanafunzi kitambulisho cha NIDA cha wazazi wao kimeandikwa nini. Watataja jina, tarehe ya kuzaliwa na jinsi. Kabila halimo. Hapo darasa litakuwa na la kujadili: nani huamua kipi kiandikwe kwenye kadi ya mtu, na kwa nini? Hakuna picha ya fuvu iliyohitajika, wala mtoto aliyelala usiku akiota maiti.

Kwa kweli, picha za maiti ni jambo la kwanza ambalo mafunzo yangepaswa kulikataza, na la pili ni michezo ya kuigiza ambamo nusu ya darasa huwa wauaji na nusu wahanga. Walimu wanaofanya hivyo wana nia njema. Lakini hawajui nani amekaa mbele yao.

Na hawajui kweli. Tanzania imepokea watu waliokimbia mauaji kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1972 walikuja Warundi, wakawekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 miongoni mwao na watoto wao wakapewa uraia. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya muda wa kama siku moja. Na wala si lazima kwenda Kagera au Tabora kukuta simulizi hizi. Ukishuka kutoka milima ya Korogwe ukaelekea Handeni, kuna makazi ya Chogo. Mwaka 2003 walihamishiwa hapo, kutoka kambi ya Mkuyu, Wasomali wa asili ya Kibantu wapatao 3,000 waliokimbia vita vilivyoanza nchini kwao mwaka 1991. Wengi ni wajukuu na vitukuu wa Wazigua waliochukuliwa utumwani hadi Somalia karne ya 19, nao walirudi wakiwa bado na Kizigua chao. Nyumbani kwao kando ya mto Juba walikuwa wakulima wasio na ukoo wenye bunduki wa kuwalinda. Waliporwa, wakabakwa, wakauawa na wanamgambo wa kila upande.

Je, hayo yalikuwa mauaji ya kimbari? Hakuna mahakama iliyosema hivyo, na mwalimu asiseme kwa niaba yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1948, ambao Tanzania nayo imeuridhia, unadai kithibitishwe kitu mahususi: nia ya kuliangamiza kundi la kitaifa, kikabila, kirangi au kidini, lote au sehemu yake. Kipimo hichohicho kitahitajika mwanafunzi atakaponyoosha mkono kuuliza kuhusu Majimaji. Ujerumani ilikiri mwaka 2021 kwamba iliyoyatenda dhidi ya Waherero na Wanama wa Namibia yalikuwa mauaji ya kimbari. Kwa Majimaji haijatamka hivyo, ingawa Rais wake Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha Songea Novemba 2023, pale ambapo mashujaa 67 walinyongwa Februari 1906, na ingawa njaa iliyofuata baada ya jeshi la Kijerumani kuchoma mashamba na maghala inafanya makadirio mengine ya vifo yafike 300,000. Wanahistoria wanabishana. Mwalimu aliyeandaliwa ataupeleka ubishi huo darasani ukiwa na hoja zake zote. Asiyeandaliwa atajibu ndiyo au hapana, kisha atafuta ubao.

Wapo watakaosema watoto ni wadogo, na mzigo wa walimu tayari ni mkubwa. La kwanza lina ukweli: mtoto wa darasa la tatu hahitaji habari za Interahamwe, na mafunzo mazuri yangesema wazi umri gani ufundishwe nini. La pili pia ni kweli, lakini njia ya kupitia tayari ipo. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, imeundwa ili walimu wakutane shuleni kwao na kwenye vituo vya walimu vya kata, katika jumuiya za kujifunza, bila kusubiri semina ya mjini yenye posho. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Mlango umefunguliwa na serikali yenyewe. Kilichokosekana ni mtu wa kuingiza mada hii kwenye ratiba ya jumuiya hizo, na karatasi za kusomea.

Karatasi zenyewe haziko mbali. Mahakama ya Arusha ilifungwa mwisho wa mwaka 2015, baada ya kuwafungulia mashtaka watu 93, na nyaraka zake ziko Lakilaki, nje kidogo ya jiji, chini ya chombo cha Umoja wa Mataifa kilichorithi kazi yake. Lugha rasmi za mahakama ile zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Taasisi ya Elimu Tanzania ingeomba kibali, ikachagua kurasa chache za hukumu ya Akayesu na ya Nahimana, ikazitafsiri kwa Kiswahili chepesi na kuzituma shuleni pamoja na maswali ya mjadala, mwalimu wa kata ya milimani angekuwa na zana bora kuliko filamu yoyote. Kamati ya Kitaifa ya Kuzuia Mauaji ya Kimbari ipo tangu 2012, iliyotokana na itifaki ya nchi za Maziwa Makuu ya mwaka 2006. Chuo cha Ualimu Korogwe kipo chini ya milima hiyohiyo. Kuwakutanisha hawa na maofisa elimu kata wa Korogwe na Handeni ni kazi ya barua na vikao, si ya mabilioni.

Katika karatasi hizo za kusomea, waandaaji wasiwasahau wanafunzi wa Nyange. Usiku wa Machi 18, 1997, waasi waliingia katika shule hiyo ya sekondari magharibi mwa Rwanda, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wanafunzi walijibu kwamba wote ni Wanyarwanda. Baadhi yao waliuawa papo hapo. Walikuwa vijana wa umri wa hawa wanaokaa madarasani Dindira leo, na kisa chao kinajibu swali ambalo wanafunzi huuliza kila mara mada hii ikifunguliwa: mtu wa kawaida angefanya nini?

Aprili 7, siku ambayo dunia huwakumbuka waliouawa Rwanda, hapa nchini ni Siku ya Karume na shule hufungwa. Kwa hiyo kipindi chenyewe kitafundishwa kabla ya hapo au baada, na jumuiya ya walimu italazimika kuwa imekaa mapema zaidi. Kwa kata inayotaka kuanza mwakani, mada iingie kwenye ratiba ya MEWAKA Januari, shule zikifunguliwa.