Ndege yenye Mkuku: Istilahi Zitoke Wapi?

Katika uundaji wa istilahi tumezoea kuanzia kwenye faharasa ya Kiingereza. Tunaitafutia orodha visawe, na visawe vikikosekana tunailaumu lugha kuwa ni changa. Makala haya yanaipinga desturi hiyo, na kielelezo chake ni chombo ambacho wengi wetu hatujapata kukitia machoni: ndege ya majini na nchi kavu inayouzwa ikiwa vipande, mnunuzi akaiunda mwenyewe nyumbani kwake.

Chukua mfano wa Seawind, ndege ya watu wanne iliyobuniwa Kanada na kuruka mara ya kwanza mwaka 1982, kisha ikauzwa kwa miaka mingi kwa mtindo huo wa vipande. Kiwiliwili chake ni cha faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizofumwa na kuloweshwa gundi ikaganda. Injini imeinuliwa juu, mbali na marasharasha ya maji. Nchini Marekani sheria huruhusu ndege ya namna hii kuandikishwa kama chombo cha majaribio, mradi sehemu kubwa ya kazi iwe imefanywa na watu waliokusudia kujielimisha au kujiburudisha tu. Wenyewe huiita kanuni ya asilimia 51. Kiwanda hakina ruhusa ya kummalizia mjenzi kazi yake.

Mjenzi huyo si mhandisi, aghalabu ni mtu wa kazi nyingine kabisa. Tegemeo lake ni mwongozo. Gundi huchanganywa na kigandishi chake kwa kipimo. Kipimo kikikosewa, gamba haligandi barabara, na rangi ikishapakwa hakuna jicho litakaloling'amua kosa. Neno lenye utata katika ukurasa kama huo si suala la mjadala wa semina. Ni suala la uhai.

Je, mwongozo huo ukiandikwa kwa Kiswahili, utumie maneno gani? Mazoea yetu yangetuelekeza kwenye utohozi. Ilhali nusu ya chombo hiki ni mashua, na mashua tunayo. Uti wake wa chini ni mkuku. Mbavu za ndani ni mataruma. Mbele ni omo, nyuma ni tezi, na mahali pa chini panapokusanya maji ya kufuliwa ni ngama. Maboya yaning'iniayo kwenye ncha za mabawa yanafanya kazi ile ile ya mrengu wa ngalawa: kuzuia chombo kisilale ubavu. Wala njia hii si ngeni. Rubani alikuwa mwongoza vyombo vya baharini kabla hajapanda angani, na usukani ulitoka majini ukaingia katika magari bila kuombewa kibali na kamati yoyote.

Yapo mambo ambayo jahazi halina. Chini ya tumbo la ndege hii, karibu na katikati, mkuku hukatwa ghafla na kupanda juu kidogo. Maji hushikamana na tumbo laini. Mkato huo huingiza hewa, mshiko ukaachia, nayo ndege ikateleza juu ya maji hata ikaruka. Mimi ningeuita kidato, kama kidato cha ngazi. (Wanafunzi wa sekondari watatuwia radhi.)

Lipo pia neno kutua. Neno la Kiingereza limeifungia nchi kavu ndani yake. Letu latokana na kuweka mzigo chini, popote pale, basi lafaa ziwani na uwanjani. Lakini upana huo una hatari. Ndege ikitua majini magurudumu yakiwa yameteremshwa, huweza kukita na kupinduka. Mwongozo usiseme "tua" tu. Useme "tua majini, magurudumu juu".

Nimewasikia wanaodai kwamba mkuku na ngama ni maneno ya Pwani, hayamfai msomaji wa Bungoma. Hoja hii ni dhaifu. Msomaji huyo haijui istilahi iliyotoholewa pia, na mkuku angalau una mtu wa kumwonyesha kwa kidole. Isitoshe, ndege za aina hii si ngeni kwetu: tangu mwaka 1937 mashua za angani za Imperial Airways zilitua Kisumu na Mombasa, zikiwa safarini kutoka Uingereza hadi Durban.

Napendekeza, basi, tasnifu za istilahi za ufundi zianzie kwa mafundi: Matondoni huko Lamu kunakoundwa majahazi, na kando ya Ziwa Viktoria. Watahini nao wasiwe wahadhiri peke yao. Seremala mmoja wa majahazi aketi kwenye jopo, asomewe ukurasa mmoja wa mwongozo uliotafsiriwa, kisha aulizwe yeye angeanza kazi na kipande gani.